Kufungua Bila Kuvunja: Ufundi wa Kutoa na Kurejesha Viungio vya Mabomba ya Plastiki

Fundi wa maji aghalabu husifiwa kwa kiungio alichokifunga, na ni nadra kusifiwa kwa kiungio alichokifungua. Mwenye nyumba hutazama bomba lisilovuja, akaridhika, akatoa ujira, na habari ikaishia hapo. Lakini siku bomba lile lile litakapotakiwa kuondolewa, ama kwa sababu ukuta unabomolewa, ama kwa sababu kodi imekwisha, ama kwa sababu mwenye mali anahama na kila alichokinunua kwa jasho lake, ndipo hubainika kwamba upo ufundi wa pili ambao wachache wamejifunza na wachache zaidi huulipia. Ufundi huo ni wa kuvitoa viungio vya mabomba laini ya plastiki pasipo kuvitia dosari, kuvipima kwa insafu, na kuvirejesha kazini mahali panapolingana na nguvu iliyobaki ndani yake.

Nsungwi, mtaa wa Area 25 ulio upande wa kaskazini wa jiji la Lilongwe, ni mahali pafaapo kuutazama ufundi huo kwa karibu. Hapo Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu na cha Bujumbura husikika kando ya Kichewa cha wenyeji, na mafundi hununua, huuza na hubadilishana vipande vya mabomba ambavyo watu wa miji yenye neema zaidi wangevitupa jalalani bila ya kuvitazama mara mbili.

Mali ya mtu anayehama

Haiwezekani kuieleza thamani ya kiungio kilichokwisha kutumika pasipo kuieleza hali ya watu wanaokitumia. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka imo katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, na ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza mashuhuri la zama za Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo imebeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengine kutoka Somalia na Ethiopia. Kwa miaka mingi baadhi yao walitoka kambini wakafungua maduka na karakana mitaani Lilongwe, ijapokuwa sheria ya nchi iliwataka waishi kambini, mpaka mwezi wa Machi 2023 serikali ilipotoa amri kwamba wakimbizi wote waliomo mijini warejee Dzaleka, na kuanzia Mei ya mwaka huo amri ile ikaanza kutekelezwa kwa nguvu.

Mtu aliyepewa muda mfupi wa kuhama hawezi kubeba msingi wa nyumba wala plasta ya ukuta, walakini aweza kubeba mabati, milango, madirisha, tangi la maji, na bomba la plastiki ambalo hulizungusha duara akalifunga kamba. Akipata fundi mwenye subira, hubeba pia koki, valvu na viungio vyote vilivyoliunga bomba hilo. Akimpata mwenye papara, hubeba vipande vilivyopasuka. Fauka ya hayo, sarafu ya kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 mwezi wa Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 mwezi wa Novemba 2023, na kwa kuwa viungio vingi hutoka ng'ambo, bei zake hupanda kila sarafu inaposhuka. Hapo ndipo kile kidude cha plastiki kilichokuwa kikiokotwa na watoto kwa kuchezea kilipopata heshima ya mali, kikaanza kuwekwa ndani ya makopo na kuhesabiwa.

Bomba lenyewe na nasaba yake

Bomba tulizungumzialo ni lile jeusi, au la samawati, ambalo watu wengi hukata maneno wakaliita mpira, ingawa mpira si asili yake. Limetengenezwa kwa polithini, plastiki iliyogunduliwa kwa sadfa mwaka 1933 na wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson, katika maabara ya kampuni ya ICI karibu na Northwich, Uingereza, walipokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Aina yake iliyo ngumu zaidi, ambayo ndiyo iliyoenea katika mabomba ya maji, ilipatikana mwaka 1953 kwa kazi ya Karl Ziegler huko Mülheim, Ujerumani, naye miaka 10 baadaye akashirikiana na Giulio Natta wa Italia katika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Fadhila za bomba hilo ni nyingi. Halishiki kutu, hupinda likafuata kona za ardhi pasipo kudai kiwiko kila hatua, na huuzwa katika mizingo mirefu, hata fundi akaweza kutembea nalo mita nyingi bila ya kiungio hata kimoja. Lile jeusi limetiwa masizi ya kaboni, kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5, ili kulikinga na ukali wa jua. Daraja yake iliyo bora, iandikwayo PE100 ubavuni, imepimwa kustahimili miaka 50 ya shinikizo katika maji ya joto la digrii 20. Basi bomba na kiwiliwili cha kiungio vyaweza kumzika aliyevinunua. Visivyoweza ni sehemu mbili ndogo zilizojificha ndani, na juu ya sehemu hizo mbili ndipo maneno yote ya makala haya yamejengwa.

Ila moja ya bomba hilo haina budi kutajwa, nayo ni kutanuka. Kila mita yake hurefuka karibu sehemu ya tano ya milimita kwa kila digrii moja ya joto, na hesabu hiyo, ndogo kwa kuisikia, hukua haraka: bomba la mita 50 lililolazwa juu ya ardhi, likipata tofauti ya digrii 20 baina ya alfajiri na adhuhuri, hurefuka na kufupika kwa sentimita 20. Usiku bomba hujivuta, mchana hujisukuma, na kiungio kilicho katikati ndicho kinachobeba ugomvi huo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana kiungio kilichotolewa kwenye bomba lililofukiwa vizuri ardhini huwa na afya kuliko ndugu yake aliyekaa juani, hata kama vyote viwili vilinunuliwa siku moja katika duka moja.

Ndani ya kiungio

Kiungio cha kukaza kwa nati, ambacho ndicho kinachofunguka na kufungika tena, kina sehemu tano. Ya kwanza ni kiwiliwili, ambamo bomba huingia. Ya pili ni oringi, pete nyembamba ya mpira inayolizunguka bomba na kuyazuia maji. Ya tatu ni pete ya kusukuma, ambayo huibana oringi ikae mahali pake. Ya nne ni pete ya meno, mfano wa bangili iliyopasuliwa upande mmoja, ambayo meno yake madogo huling'ata bomba lisichomoke. Ya tano ni nati, ambayo ikikazwa huikandamiza pete ya meno na kuifanya ing'ate zaidi. Wajibu umegawanywa kwa haki kamili: oringi huzuia maji, meno hulishika bomba, na nati haifanyi lolote ila kuwahimiza wenzake. Fundi asiyeujua mgawanyo huu huona kiungio kinavuja akakaza nati kwa nguvu zake zote, na asipate lolote ila ufa, kwa sababu nati haikuwahi kupewa kazi ya kuzuia maji.

Fundi mmoja wa Nsungwi, mtu wa makamo aliyejifunza kazi katika mji wa Uvira kandokando ya Ziwa Tanganyika, ana desturi ya kumwaga viungio vya mteja juu ya gunia na kuvigawa mafungu matatu kabla ya kusema neno lolote la bei. Mama mmoja alimletea vilivyotolewa katika nyumba aliyoihama, vikiwa bado na vumbi jekundu katika hesi zake. Fundi alikishika kimoja, akakiosha kwanza katika ndoo, akafungua nati, akachokoa oringi kwa kijiti cha mwanzi badala ya bisibisi, akaikunja baina ya kidole gumba na cha shahada. Juu ya mkunjo ule zikatokea nyufa ndogo ndogo, nyembamba kama unywele, ambazo pete ilipokuwa imelala hazikuonekana.

"Baba fundi, hivi ni vipya," alisema mama, "havijafika hata mwaka wa tatu."

"Mama, mwili ni mzima, ila mpira umekufa," alijibu. "Nikikufungia hivi hivi, leo utanisifu na kesho utanitafuta."

Akaitupa ile oringi kando, akakiweka kiwiliwili katika fungu la vizima, na pete ya meno akaitazama katika mwanga, akipitisha ukucha juu ya meno yake moja baada ya jingine, mpaka alipofika mahali ambapo ukucha uliteleza bila ya kukwama. Hapo akatikisa kichwa, nayo ikafuata oringi. Katika kazi ile fupi imo hukumu yote ya jambo hili, kwamba kiungio hakifi chote kwa pamoja, na mwenye akili huzika sehemu iliyokufa akaishi na iliyobaki.

Namna ya kufungua

Kabla ya spana kugusa chochote, maji yafungwe, kisha koki iliyo chini kuliko zote ifunguliwe mpaka bomba limwage yaliyomo. Jambo hili si adabu tu, ni usalama, kwa maana maji yenye shinikizo la baa 6 katika bomba la milimita 25 hulisukuma bomba hilo litoke katika kiungio kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 30, na katika bomba la milimita 32 nguvu hiyo hukaribia kilo 50. Mwenye kulegeza nati chini ya nguvu hiyo aombe salama ya macho na meno yake.

Baada ya hapo kiungio kioshwe kwa nje, kwa sababu mchanga ulio katika hesi, nati inapozungushwa, huzisaga hesi za plastiki hata zikapoteza umbo lake. Kishikwe kwa mikono miwili, mmoja ukizuia kiwiliwili na mwingine ukizungusha nati. Na pale mkono unaposhindwa, hutumika spana ya mkanda, au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichofungwa kwenye kipini cha mbao, maana spana yenye meno makali huacha majeraha ambayo hugeuka kuwa nyufa. Nati ilegezwe mizunguko kadhaa pasipo kuondolewa kabisa. Kisha bomba lisukumwe ndani kidogo ili meno yaachie, lizungushwe huku na huku, ndipo livutwe. Papara ya kulivuta moja kwa moja huyafanya meno yazidi kung'ata, kwani ndivyo yalivyoumbwa. Ikiwa pete ya meno imebaki imelikumbatia bomba, ncha ya bisibisi bapa itiwe katika mpasuko wake na kuupanua kwa kiasi kinachotosha tu, kwa sababu pete iliyopanuliwa kupita kadiri hairudi tena katika duara lake.

Kipo kiungio cha namna ya pili, chenye shina la mabaka kama ngazi, ambacho huingizwa ndani ya bomba na kufungwa kwa klipu ya chuma. Hiki hakina nati wala oringi, na bomba hukishika kwa ukaidi ambao mtu asiyejua huushinda kwa kisu. Kisu ndicho adui wake, kwa kuwa mkwaruzo mmoja unaopita juu ya mabaka hayo kwa urefu huwa njia ya maji siku zote zijazo. Dawa yake ni maji ya moto: klipu huondolewa, maji yaliyotoka kuchemka yakamiminwa juu ya bomba polepole mpaka lilainike, kisha likazungushwa na kuvutwa. Moto wa kiberiti au wa mshumaa haufai, kwa sababu polithini laini huyeyuka karibu na digrii 110 na ile ngumu karibu na digrii 130, na mwali wa moto hauna kipimo. Maji, kinyume chake, yana mpaka wake wenyewe, na hapa Lilongwe, juu ya mita zaidi ya 1,000 kutoka usawa wa bahari, huchemka kabla ya kufika digrii 97, hivyo hata fundi akisahau kuhesabu muda hawezi kuliyeyusha bomba. Kama hapana budi kukata, bomba likatwe kwa mshazari na kwa kina kisichofika kwenye shina, kisha lipasuliwe kwa kulipinda.

Namna ya tatu ni ya viungio visivyofunguka kabisa. Bomba gumu la PVC huunganishwa kwa gundi inayoyeyusha nyuso mbili zikawa mwili mmoja. Bomba la PPR, litumikalo kwa maji ya moto, huunganishwa kwa pasi yenye joto la karibu digrii 260. Na mabomba makubwa ya mitaani huunganishwa kwa viungio vyenye waya ndani, vipitishwavyo umeme hata plastiki ikashikana. Kutaka kuviokoa hivyo ni kupoteza wakati, ila fundi mwerevu hukata bomba mbali kidogo na kiungio, akabakiza kipande kirefu cha kutosha kila upande, ili kiungio kipate kuungwa tena kupitia kipande hicho.

Wako wengi waliotoka Dzaleka wakapelekwa Marekani, Kanada au Australia kupata makazi mapya, nao waliojiunga na kazi ya mabomba huko wamekutana na bomba liitwalo PEX, ambalo ni polithini iliyofungamanishwa molekuli zake, kwa njia iliyoanzishwa na Mjerumani Thomas Engel mwishoni mwa miaka ya 1960. Viungio vyake vya shaba nyeupe hubanwa kwa pete ya metali ambayo haifunguki ila kwa kukatwa. Pete hutupwa, bomba hulainishwa kwa joto likachomolewa, na kiungio kikiwa hakina mkwaruzo hufaa tena. Kule mafundi wengi hukitupa pia, kwa kuwa saa moja ya fundi ni ghali kuliko shaba. Hesabu hiyo ni sahihi mahali pake. Hapa kwetu, ambapo saa ya fundi ni rahisi na kiungio ni ghali, hesabu hiyo hiyo hutoa jawabu tofauti.

Namna ya kurejesha

Kosa kubwa kuliko yote katika kurejesha kiungio halimo katika kiungio, limo katika bomba. Ncha iliyokuwa ndani imekwisha kung'atwa. Ina makovu ya duara, na aghalabu ina mikwaruzo ya urefu iliyopatikana wakati wa kuvutwa. Oringi mpya ikilala juu ya mkwaruzo huo haiwezi kuuziba. Kwa hiyo ncha yote iliyowahi kuingia katika kiungio ikatwe na kutupwa, na mwenye mali avumilie hasara ya sentimita chache, kwa sababu ndizo zinazonunua salama ya mita zote zilizobaki. Mkato uwe mraba, usiende mshazari. Ukingo wake wa nje uchongwe kwa kisu au kwa tupa mpaka upate mteremko mdogo, la sivyo utaikata oringi wakati wa kuingia, na jeraha hilo halionekani mpaka siku kiungio kitakapofunguliwa tena.

Oringi iwe mpya kila mara inapowezekana, na ilainishwe kwa maji ya sabuni. Mafuta ya injini, grisi na mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli yaepukwe, kwa maana aina moja ya mpira inayotumika sana katika kazi ya maji, iitwayo EPDM, huvimba na kulegea ikiguswa na mafuta hayo. Kabla ya kuliingiza bomba, fundi apime kina cha kiwiliwili na kutia alama juu ya bomba kwa kalamu, ili ajue kwa jicho na si kwa dhana kwamba limefika mwisho, likapita katika oringi. Kisha nati ikazwe kwa mkono mpaka ikatae, na spana imalizie kwa kiasi. Utepe mweupe wa tefloni, ambao watu huuzungusha kila mahali kama hirizi, una kazi katika hesi za koki na za valvu peke yake. Ukizungushwa juu ya bomba au katika hesi za nati ya kukaza hauzuii tone moja. Aidha, hesi ya chuma ikitiwa ndani ya hesi ya plastiki ikazwe kwa upole, kwa sababu chuma hufanya kazi ya kabari, na ufa wake hutokea usiku wa manane, baada ya fundi kwenda zake.

Mwisho wa kazi ni jaribio. Handaki liachwe wazi, maji yafunguliwe, na kiungio kikaushwe kwa kitambaa, kisha kiguswe kwa karatasi kavu baada ya saa kadhaa. Karatasi huona unyevu ambao jicho haliuoni. Fundi anayefukia kwanza na kungoja habari baadaye ameuza kazi ambayo hakuikagua.

Kila kitu na cheo chake

Hata kiungio kilichofanyiwa yote haya hakistahili kurudishwa mahali popote. Kile kilichotumika miaka mingi, ijapokuwa ni kizima, kisiwekwe chini ya sakafu ya saruji wala kwenye bomba litokalo moja kwa moja katika mtandao wa jiji, ambamo shinikizo hupanda na kushuka bila ya taarifa. Kishushwe cheo. Tangi lililoinuliwa mita 6 juu ya mnara wa miti hutoa shinikizo la karibu sehemu 6 za 10 za baa moja, na katika bomba lile la milimita 25 nguvu ya kulichomoa haizidi kilo 3, yaani sehemu moja ya kumi ya ile tuliyoitaja mwanzoni. Kiungio kilichochoka kwa kilo 30 chaweza kuishi miaka mingi kikibeba kilo 3, kikimwagilia mboga au kikipeleka maji kwenye koki ya uani, mahali ambapo kikivuja kitaonekana na kitashughulikiwa kabla ya kuleta madhara. Mafungu matatu ya fundi wa Nsungwi maana yake ni hiyo: la kwanza ni la kurudi kazini pale pale, la pili ni la kazi nyepesi, na la tatu ni la kung'olewa vipuri na kutupwa.

Malawi ina sababu ya pekee ya kujivunia fikra hii ya kubadilisha sehemu iliyokufa na kuishi na iliyobaki, kwa kuwa mojawapo ya pampu za mkono zilizoenea sana duniani, Afridev, ilizaliwa humu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika bonde la Livulezi, wilaya ya Ntcheu, walitaka pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua na kuitengeneza, badala ya kungoja gari la serikali miezi mizima. Kazi hiyo ikaendelezwa na kujaribiwa katika wilaya ya Kwale, pwani ya Kenya, kwa msaada wa Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Matokeo yake ni pampu inayofunguliwa kwa spana moja, ambayo pistoni na valvu yake ya chini hutolewa pasipo kung'oa bomba kutoka kisimani, na ambayo sehemu zake zinazolika ni za bei nafuu na hubadilishwa kwa mkono. Waliobuni pampu ile walikubali tangu siku ya kwanza kwamba mpira na plastiki vitalika, wakafanya kulika kwake kuwe jambo jepesi. Mwanamke wa Dzaleka anayesukuma mpini wa pampu kila asubuhi hunufaika na uamuzi huo, na haidhuru kama hajapata kusikia habari za Livulezi wala za Kwale.

Tone moja na afya ya wengi

Huenda msomaji akauliza kwa nini tone litokalo katika kiungio liandikiwe makala. Tukikadiria kwamba tone moja ni robo ya mililita, na kwamba linadondoka kila sekunde, basi kwa siku moja yatadondoka matone 86,400, ambayo ni lita 21 na ushei. Kipimo ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hukiweka kwa mtu mmoja kambini ni lita 20 kwa siku. Maana yake, oringi moja iliyokufa, ikiachwa idondoke polepole bila ya kumkera yeyote, hunywa maji ya mtu mmoja kila siku ya Mungu, na hainywi kwa ajili ya faida ya kiumbe chochote.

Lipo jambo zito zaidi. Kiungio kinachotoa maji wakati shinikizo lipo huingiza maji wakati shinikizo limetoweka, na katika miji ambayo maji hukatika na kurudi, bomba tupu huvuta ndani yake kila kilicho ardhini karibu na ufa. Kuanzia Machi 2022 Malawi ilipatwa na kipindupindu kikali kupita vyote katika historia yake, kilichoua zaidi ya watu 1,700 kabla ya kudhibitiwa mwaka uliofuata. Sababu za maradhi yale zilikuwa nyingi, mvua na mafuriko yakiwemo, na haingekuwa insafu kuyatwika viungio peke yake. Lakini kila kiungio kibovu karibu na choo ni mlango uliosahauliwa wazi, na kurejesha kiungio kizee bila ya kukibadilishia mpira ni kuufungua mlango huo kwa mkono wako mwenyewe. Asiye na uwezo wa kupata oringi mpya na asikirejeshe kiungio hicho katika maji ya kunywa, akipeleke bustanini.

Nini kifanyike

Kinachohitajika si kikubwa. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi huuza kiungio kizima na mara chache huuza oringi na pete ya meno peke yake, ilhali hizo ndizo zinazokufa, na kwa bei ya kiungio kimoja zingeweza kufufua kadhaa. Wakiziweka kwenye visanduku kwa vipimo vyake, 20, 25, 32 na kuendelea, watapata wateja ambao leo huondoka mikono mitupu. Wanaofundisha vijana ufundi, kambini na mjini, huwapa mabomba mapya na viungio vipya, wakawapima kwa uzuri wa kiungio. Wangewapa pia mfuko wa viungio vizee na kuwapima kwa hukumu yao, kipi kirudi, kipi kishushwe, kipi kitupwe, na kwa nini. Mafundi nao waache aibu ya kutaja bei ya kufungua. Kazi inayochukua subira zaidi kuliko kufunga, na inayomwokolea mteja mali yake, haina sababu ya kufanywa kwa hisani, na mahali ambapo haina bei hufanywa kwa nyundo.

Ama mwenye nyumba, au mpangaji, au mtu ambaye hana hakika atalala wapi mwaka ujao, yeye ana njia fupi ya kujua aina ya fundi aliyemwita. Kabla ya kukubaliana ujira amwulize maswali mawili: kiungio hiki kitafunguliwaje siku nikitaka kukiondoa, na oringi yake nitaipata wapi? Fundi mwenye jawabu la maswali hayo mawili hana haja ya kuulizwa la tatu.